NAFASI NG'AMBO NA NAFASI NYUMBANI

Wanachama wenzetu, siku hizi mtu akifungua intaneti hukuta matangazo mengi ya nyumba za ng'ambo zinazowaita wasanii, waandishi na watafiti wanaochipukia waende kukaa huko kwa majuma au miezi, wafanye kazi zao. Vijana wa maofisini mwetu, ambao mchana huandika barua za Serikali na usiku hutunga mashairi, huchora, au hukusanya habari za kale za kwao, huyasoma matangazo hayo wakajiuliza maswali mawili. Je, mambo haya ni ya kweli? Na je, mimi karani naweza kwenda? Swali la kwanza lina jibu jepesi. La pili ndilo lililotufanya tuandike leo.

Mambo haya ni ya kweli, wala si ya jana. Mwaka 1666, katika enzi ya Mfalme Louis wa 14, Ufaransa ilianzisha chuo mjini Roma ili wachoraji na wachongaji wake wakakae huko kwa gharama ya dola. Chuo hicho kingalipo, na tangu 1803 kimo katika jumba liitwalo Villa Medici. Huko Marekani, mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian walianzisha mwaka 1907 makazi ya wasanii katika misitu ya New Hampshire. Kila mgeni hupewa kijumba chake cha kazi, na chakula cha mchana huletwa kikapuni kikaachwa mlangoni, ili mtu asije akamkatiza fikira zake.

Kikapu hicho chatuonyesha maana ya jambo lote. Mgeni hapewi darasa wala mtihani, wala harudi na shahada ya kumpandisha cheo. Apewacho ni nafasi, yaani chumba, chakula, na siku zisizodaiwa na mtu. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba hizi mgeni hushika jembe siku ya kwanza, walakini jembe ni lake mwenyewe, na shamba pia ni lake. Asiye na kazi aliyokwisha kuianza nyumbani hana haja ya kwenda, maana atakaa akitazama dirishani hadi siku ya kurudi.

Faida ya nafasi hiyo yaonekana katika habari za Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025. Riwaya yake iitwayo Petals of Blood aliianza Oktoba 1970 huko Evanston, Marekani, akaendelea nayo kwao Limuru, huku akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliimaliza Oktoba 1975 huko Yalta, katika nyumba ya Chama cha Waandishi wa Urusi ya Kisovieti, aliyopewa ili apate kuandika. Miaka mitano kitabu kilisubiri kati ya kazi na kazi, kikamalizikia penye utulivu. Kila karani mwenye daftari lililolala sandukuni ataielewa habari hiyo bila kuelezwa.

Hata hivyo tusidhani kwamba pasipo safari hapana kazi njema. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akaendelea na utumishi katika idara nyingine, na vitabu vyake tunavisoma hadi leo. Sam Ntiro, mchoraji wa Uchagani aliyesoma Makerere kisha London, aliiwakilisha nchi yake kama Balozi Uingereza baada ya Uhuru, na jumba kuu la sanaa ya kisasa la New York linayo picha yake. Watumishi hawa wawili watosha kuwajibu wanaosema kwamba mtu wa ofisi hana sanaa. Walakini hatujui ni wangapi waliokuwa na kipawa kama chao, na faili zikawashinda.

Basi atakaye kuomba aombe, ila kwanza asome masharti kama asomavyo hati ya malipo. Ziko nyumba zinazomlipia mgeni nauli, chumba, chakula na posho. Ziko zinazotoa chumba tu. Na ziko zinazomtoza mgeni fedha nyingi, zikaita jambo hilo heshima. Aulize nani alipa nauli. Nani alipa vifaa. Kazi itakayozaliwa huko itakuwa mali ya nani. Na ikiwa ni mgonjwa, nani atamtibu. Ada ya viza ya nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata ukikataliwa. Kwa mshahara wa karani, hilo si jambo la kusahauliwa.

Kadhalika tukumbuke kwamba mlango wa mwingine hufungwa na mwenyewe. Chuo Kikuu cha Iowa kimekuwa kikiwakaribisha waandishi wa dunia tangu 1967, zaidi ya 1,500 kutoka nchi zaidi ya 150. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilikatiza ruzuku iliyokuwa ikiwapa, na baadhi ya kazi zao zikafutwa. Hatusemi haya kwa kuwalaumu wenyeji, ambao wamejitahidi kuendelea. Twasema ili tusiweke matumaini yetu yote katika chungu kilicho juu ya meko ya jirani.

Sasa twaja kwenye swali la pili. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Jumba la Bellagio nchini Italia, ambalo Rockefeller Foundation imelitunza tangu 1959 kwa ajili ya wataalamu na wasanii, huwaweka wageni kwa majuma manne hivi. Hizo ni siku 28 kamili, bila kuhesabu siku za njiani, wala siku moja ya kuwaona wazee wake nyumbani. Iowa huchukua zaidi ya miezi miwili. Berlin, ambako tangu miaka ya 1960 wasanii wa nchi nyingi hualikwa, kwa desturi huwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtumishi aliyekwisha kushinda mamia ya waombaji hufika mbele ya meza ya mkubwa wake akiwa na mambo mawili ya kuchagua: aiache barua ya mwaliko, au aiache kazi inayolisha watoto wake. Wengi huiacha barua, wala hakuna ajuaye.

Wako watakaosema kwamba mshahara wa umma si wa kuchora picha. Hilo ni kweli, wala sisi hatuombi mshahara. Wengine watasema kwamba waendao hawarudi. Yumkini wako wasiorudi. Lakini mtu aliyewekewa kiti chake ana sababu ya kurudi kuliko yule aliyelazimishwa kujiuzulu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, nayo yajadiliwe katika kila tawi. Kwanza, chama kiwaombe waajiri kwamba mwanachama mwenye mwaliko wa kweli apewe ruhusa isiyo na malipo, na nafasi yake ilindwe mpaka arudipo. Pili, arudipo awe na deni kwetu: aje tawini atueleze alichofanya, na nakala ya kitabu au utafiti wake iwekwe mahali tutakapoisoma. Tatu, tuanze kidogo nyumbani. Dar es Salaam, tangu 2008, Nafasi Art Space huwapa wasanii vyumba vya kufanyia kazi katika makontena ya chuma ya mizigo. Ikiwa kontena latosha, hata chumba cha nyuma cha ukumbi wa tawi, chenye meza, taa na kufuli, kingemtosha mwenzetu mmoja kwa mwezi wa likizo yake.

Lugha yetu imefanya jambo la busara, kwa kuwa neno nafasi ni moja kwa mahali, kwa wakati na kwa bahati. Wenye nyumba za ng'ambo huweza kutoa mahali. Bahati hutoka kwa Mungu. Lakini wakati wa mtumishi uko mikononi mwa mwajiri wake, na huko ndiko chama kinakopaswa kubisha hodi. Makatibu wa matawi watuletee maoni ya wanachama wao kabla ya mkutano mkuu.

Mhariri