Mwandishi Chipukizi na Wakala wa London

Si jambo la ajabu siku hizi kumkuta kijana wa Kitanzania, awe Songea au Bukoba, amekamilisha riwaya yake ya kwanza, na swali lake la kwanza lisiwe juu ya mhariri wala mchapishaji, bali juu ya wakala. Amesikia kwamba waandishi wakubwa wa Uingereza na Marekani wana mawakala. Amesikia pia kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, kazi zake husimamiwa na wakala wa London. Basi huamini kwamba nyumba ya fasihi ina bawabu mmoja tu, na asiyejulikana kwa bawabu huyo atabaki nje. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ina hatari pia, maana walaghai wameijua na wanaitumia.

Yafaa kwanza ieleweke wakala huyo ni nani. Kazi hiyo ilipata sura yake London katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati Mskoti mmoja, A. P. Watt, alipojitwika kazi ya kuwauzia waandishi miswada yao na kujilipa sehemu 10 katika kila mia ya mapato yao. Wachapishaji hawakumpenda. Mwaka 1893 William Heinemann, mchapishaji mwenye jina kubwa, aliwashambulia mawakala hadharani na kuwafananisha na kupe. Hasira hiyo yenyewe ni ushahidi. Kabla ya hapo mwandishi wengi walizoea kwenda peke yao mbele ya mfanyabiashara, wakauza hakimiliki yote kwa fungu moja la fedha, kisha wakavitazama vitabu vyao vikichapishwa tena na tena bila wao kupata hata senti. Mchapishaji hakuwa akimhurumia ng'ombe anayenyonywa na kupe. Alikuwa akisikitika kwamba bei ya ng'ombe imepanda.

Leo wakala wa London au New York kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mapato ya kitabu katika soko la nyumbani, na asilimia 20 kwa haki zinazouzwa nchi za nje na kwa tafsiri, kwa kuwa huko mara nyingi hugawana na wakala mwingine. Halipwi mpaka mwandishi alipwe. Hili ndilo la kushikwa kuliko mengine yote, kwani ndilo linalomtenga wakala wa kweli na tapeli. Chama cha mawakala cha Marekani kinawakataza wanachama wake kumtoza mwandishi ada ya kusomewa muswada. Kwa hiyo ujumbe unaomfikia kijana katika simu yake, ukiisifu riwaya ambayo mwenye kusifu hajaisoma, kisha ukidai fedha za usajili, za uhariri au za kukipeleka kitabu kwenye maonyesho ya ng'ambo, hautoki kwa wakala. Mara nyingine tapeli huazima jina la kampuni iliyopo kweli. Dawa yake ni rahisi: mwandishi aitafute kampuni yenyewe kwa anwani yake inayojulikana, aulize. Tena majina ya mawakala wa kweli hayajafichwa. Waandishi wengi huwashukuru mawakala wao kwa majina katika kurasa za mwisho za vitabu, na kijana anayependa riwaya za aina fulani anaweza kuanzia hapo hapo utafutaji wake.

Njia ya kumwendea wakala nayo haina uchawi. Riwaya iwe imekwisha, si nusu. Iandikwe barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kitabu ni cha namna gani na mwandishi ni nani. Uambatanishwe muhtasari wa hadithi yote pamoja na mwisho wake, na kwa desturi ya Uingereza sura tatu za mwanzo. Kila ofisi ina masharti yake, na asiyeyafuata muswada wake huwekwa kando bila kusomwa. Baada ya hapo ni kungoja, pengine miezi. Si utovu wa adabu kuwaandikia mawakala kadhaa kwa wakati mmoja, maadamu kila mmoja ameandikiwa barua yake mwenyewe. Barua moja iliyotumwa kwa watu hamsini hutambulika upesi.

Aliyekubaliwa hupata mtu wa kumfanyia kazi ambayo mwandishi mwenyewe haiwezi vizuri. Wakala anawajua wahariri na mapenzi yao. Hujadili malipo ya awali na mrabaha, na zaidi ya yote hukataa kuuza haki zote kwa mkupuo mmoja. Afterlives, riwaya ya Gurnah, ilitoka Uingereza mwaka 2020, na Marekani ikatoka mwaka 2022, baada ya tuzo, kwa mchapishaji mwingine kabisa. Hiyo ndiyo maana ya haki kugawanywa kwa nchi. Haki ya tafsiri ni kitu cha peke yake, haki ya filamu hali kadhalika. Na panapokuwa na kifungu kinachosema kitabu kikiisha madukani bila kuchapishwa tena haki zirudi kwa mwandishi, aghalabu wakala ndiye aliyekipigania.

Umbali nao una gharama zake. Chinua Achebe, akiwa Lagos, aliupeleka muswada wa Things Fall Apart kwa kampuni ya kupiga chapa London, nakala yake pekee, iliyoandikwa kwa mkono. Miezi ikapita kimya. Haukushughulikiwa mpaka mkuu wake wa kazi katika shirika la utangazaji alipokwenda London likizo na kuiendea kampuni hiyo ana kwa ana. Kitabu kikatoka mwaka 1958. Kilichokuwa karibu kupotea ni riwaya iliyosomwa na mamilioni, na kilichoiokoa ni kuwako kwa mtu mmoja aliyebisha hodi mahali panapostahili.

Hata hivyo kuna jambo ambalo kijana wa Songea haambiwi. Wakala wa London anauza vitabu vya Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili, hata iwe bora namna gani, haina mnunuzi mezani kwake mpaka itafsiriwe, na mara nyingi hana wa kumsomea. Safari ya vitabu imezoea kwenda upande mwingine: Paradise ya Gurnah ilitoka mwaka 1994, na Waswahili wakaisoma kwa lugha yao kwa jina la Peponi mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Ilichukua miaka 28 riwaya kuhusu pwani hii kufika pwani hii kwa lugha ya pwani hii.

Je, kwa nini basi asizuke wakala wa Kariakoo? Hesabu inajibu. Kitabu, mathalani, kiuzwe kwa Sh. 10,000, na mrabaha uwe asilimia 10. Zikiuzwa nakala 2,000 mwandishi atapata Sh. 2,000,000, na wakala kwa asilimia 15 atapata Sh. 300,000, pengine kwa miaka miwili mizima. Fedha hizo hazilipi nauli zake, sembuse pango la ofisi. Soko la vitabu nchini linategemea sana shule, na mahali ambapo kitabu husubiri kuteuliwa kwa ajili ya wanafunzi ndipo kinunuliwe kwa wingi, mtu wa kati hana cha kunadi.

Wala waandishi wa Afrika Mashariki hawakungoja mawakala ndipo waandike. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliingia kwa mlango wa mashindano: Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ukachapishwa mwaka 1960. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi Makerere, alimkabidhi Achebe muswada wake wakati wa mkutano wa waandishi wa mwaka 1962, na Weep Not, Child ikatoka mwaka 1964. Siku hizi ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na ipo tuzo ya Safal-Cornell kwa maandiko ya Kiswahili. Milango ipo, na baadhi yake haidai barua ya mtu yeyote.

Tatizo huanza mlango ukishafunguka. Mshindi au mwandishi aliyekubaliwa huwekewa mkataba mezani, naye kwa furaha husaini kabla wino wa mchapishaji haujakauka. Hakuuliza kama anatoa kibali cha kuchapisha au anauza hakimiliki yenyewe. Hakuuliza mrabaha unahesabiwa juu ya bei ya dukani au juu ya fedha zinazomfikia mchapishaji, na tofauti hiyo peke yake yaweza kumkosesha karibu nusu ya haki yake. Hakuuliza hesabu ataletewa lini, wala nani mwenye haki za redio, filamu na simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda, na COSOTA ipo kwa ajili yake. Lakini sheria haimsomei mtu karatasi aliyokwisha kuitia sahihi.

Kwa hiyo wanaotaka kuiga London wangeangalia mfano mwingine, wa zama zile zile za Watt. Mwaka 1884 Walter Besant na wenzake waliunda chama cha waandishi wa Uingereza, na mpaka leo chama hicho huwasomea wanachama wake mikataba kabla hawajasaini, kwa ada ya uanachama tu, bila kukata asilimia. Mkulima wa kahawa aliyekuwa akipunjwa kwenye mizani hakuagiziwa dalali wa kutoka ng'ambo. Alijiunga na wenzake katika ushirika, wakaweka mizani yao. Tanzania imekuwa na Umoja wa Waandishi wa Vitabu, UWAVITA, kwa miaka mingi. Kazi hii ni ya umoja wa namna hiyo, nayo haihitaji jumba wala magari. Inahitaji mwanasheria mmoja anayejua hakimiliki, karani wa kupokea mikataba inayoletwa kwa mkono au kwa simu kutoka mikoani, na kabati la kuhifadhi nakala zake, ili anayesaini mwaka huu aweze kuonyeshwa mwenzake wa mwaka jana alikubali nini na alilipwa kiasi gani.