Ulimi wa Jikoni



Sisi wauguzi neno madoadoa tunalijua kwa mtoto mwenye surua. Lakini katika mikutano ya siasa ya Bonde la Ufa, Kenya, walioitwa madoadoa ni watu: majirani wa kabila jingine, kana kwamba ni uchafu wa kufutwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa akina mama na watoto. Tusipite hapo haraka. Walikuwa wamekimbilia kanisani.

Mwaka huo wa 2008 ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na Tume yake, NCIC, ikaundwa 2009. Kifungu cha 13 kinakataza matusi na vitisho vinavyochochea chuki ya kikabila. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2022 Tume iliweka madoadoa katika orodha yake ya maneno ya chuki. Waliopatikana na hatia ni wachache mno, na jambo hilo linatusikitisha.

Wengi wetu hudhani sheria hii ni ya wanasiasa tu. Sivyo! Inamgusa pia anayesambaza maandishi ya chuki, na ujumbe wa simu ni maandishi. (Mwaka 2007 maneno mengi ya sumu yalipita kwa simu za mkononi.) Ukiletewa ujumbe wa namna hiyo, ufute, kisha umweleze kwa upole dada aliyekutumia kwa nini hukuupeleka mbele.

Lakini Tume haiingii jikoni. Haisikii tunavyomsema yaya kwa lugha ya nyumbani tukidhani haelewi, wala haituoni tunavyonuna kijana wetu anapotaja kabila la mchumba wake. Mtoto aliyeketi kando ya jiko husikia yote. Siku akiuliza, "Mama, kwani watu hao wana nini?" tusimnyamazishe. Tumtajie wale wa kabila hilo anaowajua: mwalimu wake, mama anayetuuzia mboga, mkunga aliyempokea alipozaliwa.