Jenerali Aliyezikwa Bila Jeneza

Marehemu Jenerali Francis Ogolla aliingia jeshini mwaka 1984 akawa rubani wa ndege za kivita. Alipanda cheo baada ya cheo hata akawa Kamanda wa Jeshi la Anga mwaka 2018, na Mkuu wa Majeshi ya Kenya mwaka 2023. Nishani hazikumpungukia. Hata hivyo, alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, pamoja na wanajeshi wenzake tisa, wasia wake ulitimizwa: alizikwa siku ya tatu, huko Siaya, bila jeneza.

Twauliza: ikiwa aliyepigiwa mizinga aliridhika na udongo mtupu, mbona mnyonge auze shamba ili amzike mzazi wake kwa fahari? Heshima ya marehemu haimo katika kuwafukarisha walio hai.