Chungu cha Kupeleka Karamuni

Vijana wetu wanaosoma ng'ambo hufikwa na mtihani ambao haukutajwa katika barua zao za kupokelewa chuoni: hualikwa katika karamu ya mataifa, ambamo kila mgeni huja na chungu cha kwao, na mbele ya kila chungu huwekwa kikaratasi chenye jina la nchi. Hapo Mtanzania, ambaye nyumbani hakupata kuulizwa taifa lake linakula nini, huanza kumpigia simu mama yake, na Mkenya jirani yake yumo katika tashwishi iyo hiyo.

Jawabu la wengi ni pilau. Siikani ladha yake, wala sijui arusi ya pwani iliyotimia bila yake. Lakini katika meza ya walimwengu pilau hujikuta katikati ya jamaa zake wakubwa. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu palov ya Uzbekistan na oshi palav ya Tajikistan, na Mhindi naye aghalabu hakosi sufuria yake, hata bizari yetu ikalazimika kujitetea mbele ya mahakimu waliolelewa kwa wali wa namna hiyo.

Wenye uzalendo mkali husema ugali. Malawi ilikwisha kuandikisha nsima, ambayo ni ugali huo huo, mwaka 2017. Lakini kizuizi kikubwa si hicho, bali ni kwamba ugali hauna subira. Ukikaa saa moja mezani hufanya ganda, na mgeni aliyepewa uma, pasipo maji ya kunawa wala mchuzi wa moto, ataukata kama keki na kuondoka akituhurumia.

Kura yangu naipa mbaazi za nazi kwa mahamri. Dhifa kama hiyo huwakusanya Mwislamu asiyekula nguruwe, Mhindu asiyekula ng'ombe, na kijana wa Ulaya aliyeapa kutogusa chochote kitokacho kwa mnyama, yai na maziwa yakiwamo. Mbaazi hazimfukuzi hata mmoja wao, wala mahamri yaliyokandwa kwa tui, hamira na hiliki. Tena mbaazi hustahimili safari. Zirowekwe usiku kucha, zichemshwe hata ziminyike kwa vidole viwili bila ya kuvurugika, ndipo zitiwe kitunguu, chumvi, pilipili mbichi nzima na tui jepesi. Kasimele huja mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka pasi na kukoma, kwani tui likichemka kwa nguvu hukatika, na jasho lote la mpishi likaelea juu kama mafuta. Kule ambako mbuzi ya kukunia nazi haipatikani, tui la kopo litafaa, maadamu halikutiwa sukari. Zikipoa huwa nzito, na kwa ulimi wangu huzidi utamu.

Najua Mhaya atauliza matoke yake yamekosa nini, na Mchaga atautaja mtori, wakisema kwamba pwani imejitwalia tena heshima ya nchi nzima. Hoja hiyo ingesimama kama mbaazi zingekuwa za pwani peke yake; ilhali hulimwa Babati kama zilimwavyo Lindi na Mtwara, na upande wa Kenya Wakamba wa Machakos na Makueni ni wakulima wake mashuhuri. Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, bei ilianguka na wakulima wetu, wa bara kwa wa pwani, wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Pwani imechangia nazi tu.

Katika kikaratasi mpishi aandike kwanza jina la chakula, kisha viungo vyake kwa ajili ya wenye miiko, na nchi baadaye kwa herufi ndogo, kwa kuwa Mombasa na Tanga zote zina haki ya kudai. Mahamri yakaangwe siku ile ile. Ya jana ni ya kunywea chai nyumbani.