Tushike Zamu: Wito kwa Wenye Simu

Mtu wa kisiwa cha Ukara akizidiwa na mawazo saa nane usiku, aende wapi? Kuna kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, meli hadi Mwanza, halafu kilima cha hospitali ya Bugando. Hata akiwa na nauli mkononi, saa hiyo hakuna chombo kinachoondoka. Simu lakini anayo. Hata kama ni kiswaswadu chenye kioo kilichopasuka, meseji itatoka. Nani ataisoma upande wa pili? Hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize, nyinyi wa Nyamagana na Ilemela, wa Sengerema na Ukerewe, wa Musoma na Bukoba, pamoja na ndugu zetu mlioko Muscat na Minneapolis.

Kumsaidia mtu ukiwa mbali naye si jambo geni katika mwambao huu wa ziwa. Mkoani Mara, Rhobi Samwelly anaongoza shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Butiama na Mugumu zinazopokea wasichana wanaokimbia kukeketwa. Shule zikifungwa Desemba na msimu wa ukeketaji ukawadia, taarifa huingia kwa simu: binti yuko kijiji fulani, na siku imeshapangwa. Kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa ramani. Vijiji vingi vya huko havikuonekana kabisa kwenye ramani za simu, na gari linalozunguka usiku likiuliza njia ni gari linalotangaza safari yake.

Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kukanyaga Tanzania, hukaa mbele ya kompyuta zao Ulaya na kwingineko, hutazama picha za satelaiti, na kuchora paa moja baada ya jingine na njia moja baada ya nyingine kwenye OpenStreetMap. Kisha wenyeji huongeza kile ambacho satelaiti haikioni: jina la kijiji, zahanati ilipo, nyumba ipi ni ofisi ya mtendaji.

Mimi hilo la wenyeji ndilo linanigusa zaidi. Mgeni mwenye moyo mwema anaweza kuchora paa la nyumba yako bila kosa. Hawezi kuisoma meseji yako. Kijana wa kambi ya dagaa akiandika kwamba mbalamwezi ni kali na wiki nzima hawajaingia ziwani, mtu wa Mwaloni pale Kirumba anaelewa papo hapo: dagaa huvuliwa kwa taa, taa hutaka giza, kwa hiyo huyu ana siku kadhaa hajashika shilingi na tajiri wake bado anamdai. Huhitaji shahada kulielewa hilo. Inatosha kuwa umeishi hapa.

Suala la shahada tulimalize kabisa, maana najua wengi watajitoa kwa kisingizio hicho. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha huduma ya simu jijini London kwa ajili ya watu waliofikiria kujiua. Watu walipoanza kufika kanisani kumwona, watu wa kujitolea walikuwa wakiwapokea na kuwapa chai wakati wanasubiri. Varah akagundua kwamba wengi, baada ya kuketi na hao wa chai, hawakuwa na haja tena ya kumwona yeye. Mwaka 1954 akawakabidhi kazi ya kusikiliza. Ndipo likakua shirika la Samaritans. Wamarekani nao mwaka 2013 wakaanzisha Crisis Text Line, ambako watu wa kujitolea waliopewa mafunzo hujibu meseji wakiwa nyumbani kwao.

Kwetu meseji ina faida nyingine. Familia nyingi zinaishi chumba kimoja, na ukuta wa jirani haufiki darini. Ukipiga simu, kila mtu anasikia. Binti anayesumbuliwa na mjomba aliyeketi hapohapo hawezi kutamka neno, lakini anaweza kuandika akiwa jikoni, akapata jibu, akafuta.

Sasa chukulia meseji imeingia. Ni kijana wa Igoma aliyekopa kwenye programu moja ya simu, zile kausha damu zinazomtumia kila mtu aliye kwenye orodha yako ya namba ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Anaandika: "Wameshamtumia mama, wamemtumia mchungaji. Wakirudia tena hawatanikuta." Wengi wetu tungejibu haraka: "Usiwaze hivyo kaka, Mungu ni mwema, yatapita." Tumesema kweli, na tumemfungia mlango. Aliyefunzwa ataandika: "Pole sana kaka. Nipo, sina haraka. Unaposema hawatakukuta, unafikiria kujiua?" Swali hilo linatisha kuliandika. Hata hivyo, utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu, kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitaja. Kisha unasubiri. Anaweza kukaa dakika kumi bila kujibu, nawe hujazi ukimya huo kwa nasaha. Akijibu, unauliza kama yuko peke yake, kama kuna kitu cha hatari karibu naye anachoweza kukiweka mbali, na nani anaweza kuja kukaa naye usiku huu. Deni la kausha damu litajadiliwa kesho.

Tukumbuke pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha huko kinachofanana na hicho ni kinyume cha katiba. Kwetu mtu bado anaogopa kukiri hata kwa daktari. Kumwandikia mtu asiyemjua ni rahisi zaidi.

Huruma peke yake haitoshi, na kuna masharti ambayo mimi siyalegezi. La kwanza ni siri. Kama wewe ni mtu wa kurusha skrinshoti kwenye magrupu, kazi hii haikufai. Njoo uchore ramani. Mwaka 2022 hata Crisis Text Line yenyewe ilijikuta lawamani kwa kuipa kampuni ya biashara data za mazungumzo, na ikabidi iache. Mwaka huohuo sisi tukapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hakuna wa kusema hakujua. Pia uliza mwanzoni kabisa: "Simu unayotumia ni yako? Ni salama tukiandikiana?" Simu za familia husomwa na familia.

Jambo jingine, usianze peke yako. Msikilizaji mmoja asiye na wa kumpokea huchoka ndani ya miezi michache, na kuchoka kwake humuumiza aliye upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na hatua zake ni tatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoisahau. Wa kuwaunganisha nao wapo: namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, isiyo na malipo, inayoendeshwa na C-Sema, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, afisa ustawi wa jamii, madaktari wa Bugando. Sisi tutakuwa watu wa kupokea usiku na kukabidhi asubuhi.

Nimepiga hesabu. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane ni zamu tatu za saa mbilimbili. Kwa wiki ni zamu 21, wawili wawili. Watu 21, kila mmoja zamu mbili kwa wiki, wanatosha. Chuo cha SAUT pale Malimbe hakikosi watu hao, wala wauguzi wastaafu wa jiji hili, wala walimu. Baada ya saa nane tunawahitaji walioko ng'ambo: saa nane yetu ya usiku, Minneapolis bado ni jioni, mtu ametoka kazini anatafuta cha kutazama.

Wenye ukumbi wa mafunzo, toeni ukumbi. Wenye maduka ya simu, changieni bando. Wanasaikolojia na maafisa ustawi, tupeni Jumamosi chache za kufundisha, na baada ya hapo mkubali kupigiwa simu zamu ikielemewa. Viongozi wa misikiti na makanisa, andikisheni majina Ijumaa na Jumapili hii, mkianza na wale ambao waumini tayari huwaendea na shida zao. Orodha iwe mezani kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya mapema, ili mafunzo yakamilike kabla shule hazijafungwa Desemba.