Mashine Haina Deni Nasi



Siku ya mshahara, tukirudi Kagugu kutoka viwandani Masoro, baadhi yetu hatufiki nyumbani moja kwa moja. Tunapitia kwenye mashine za kubahatisha, ambazo hapa Kigali huitwa ibiryabarezi, tukitumaini kuongeza kile tulichopata. Mara nyingi tunatoka tumebaki na nauli tu, na kesho yake tunamwomba mwenzetu mkopo. Jambo hili tulizungumze bila kuchekana.

Kwanza tujue mashine inavyofanya kazi. Zile za zamani, zilizoanza Marekani mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu matatu, na mchezaji alivuta mkono wa chuma kuyazungusha. Za leo nyingi zinaendeshwa na kompyuta. Ukibonyeza kitufe, kompyuta huchagua namba papo hapo. Picha zinazozunguka ni maonyesho tu. Wengi wetu husema, "Imekula sana, sasa itatapika." Huko ni kujidanganya. Kompyuta hiyo huanza upya kila mchezo, wala haikumbuki ulichotia.

Tuchukue mfano. Mashine imepangwa kurudisha faranga 90 katika kila 100. Ukicheza faranga 100 mara 5 kwa dakika, kwa saa moja umecheza faranga 30,000. Kwa wastani umepoteza 3,000. Ni kweli, mmoja wetu atashinda leo. Lakini atalipwa kwa fedha za wenzake, baada ya mwenye mashine kutoa fungu lake. Rwanda ilitunga sheria ya michezo ya kubahatisha mwaka 2011, lakini leseni ukutani haibadilishi hesabu hiyo.

Hatumwiti mpumbavu anayecheza. Tunasema acheze kama anayenunua soda: kwa kiasi kidogo alichotenga, baada ya kodi ya nyumba, chakula na mahitaji ya watoto shuleni. Kikiisha, aondoke. Asikope, wala asirudi kufuata kilichopotea. Anayeona hawezi kuacha awaambie wenzake mapema, si aibu.

Ndugu, nyongeza ya mshahara tunaidai kwa miezi mingi. Tusiikabidhi mashine kwa saa moja. Katika ikimina tunajuana, hesabu iko wazi, na kila mtu anaijua zamu yake. Jasho letu tuliweke huko.