Rudisheni temostati kwenye injini zenu

Tumechoka kusikia kwamba gari limechemsha ghafla. Injini ya petroli haichemshi ghafla. Inachemsha baada ya wiki nyingi, pengine miezi, ya kuongezewa maji ya bomba bila mtu kujiuliza yale ya juzi yamekwenda wapi. Inachemsha baada ya fundi kung'oa kifaa kimoja kidogo ambacho mwenye gari hajawahi hata kukiona. Kisha siku ya safari, katikati ya mlima Kitonga, mvuke unafumka kwenye boneti na abiria wanaanza kuulizana nani ana dumu la maji.

Tuchukue Starlet, maana wengi wanaijua. Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 1999, Vitz ikashika nafasi yake, kwa hiyo hata Starlet changa kuliko zote iliyoko barabarani leo imepita miaka 25. Nyingi zina injini ya 4E-FE: silinda 4, valvu 16, cc 1,331. Ni injini ya kazi, haina makuu, na spea zake si za kutafuta kwa tochi. Ikifa mapema, mara nyingi aliyeiua si umri. Ni joto.

Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, lakini silinda hedi yake ni ya alumini. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Katikati ya hivyo viwili pamelala gasketi nyembamba. Joto likiwa la kawaida, gasketi inahimili vuta nikuvute hiyo kwa miaka mingi. Likizidi, hedi inapinda, gasketi inaachia, na maji yanapata njia ya kuingia kwenye silinda au kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukakuta oili imegeuka nzito na nyeupe-nyeupe, basi kazi imeshakuwa kubwa: hedi ishushwe, ipelekwe kusawazishwa kwa mashine, ifungwe na gasketi mpya, na bado hakuna anayekuhakikishia.

Sasa tuje kwenye kile kifaa kidogo. Temostati ni kilango kilichokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Asubuhi kinakuwa kimefungwa, maji yazunguke ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi kinaanza kufunguka, na kwenye nyuzi 95 hivi kimeshafunguka chote. Hakina umeme wala ujanja. Ndani yake kuna nta, ambayo ikiyeyuka inatanuka na kusukuma kilango.

"Hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu toa." Maneno haya yamesemwa gereji nyingi mno hadi yamekuwa kama sheria. Hebu tufikiri kidogo. Siku ya jua kali Dar es Salaam joto linafika nyuzi 33 au 34. Kutoka hapo hadi 82 bado kuna karibu nyuzi 50. Kwa injini, Dar na Tokyo zote ni baridi. Na temostati nzima ikishafunguka haizuii maji kwenda kupoa, kwa hiyo kuitoa hakukuokoi na foleni ya Ubungo.

Kinachofuata baada ya kuing'oa ndicho watu hawakiunganishi. Ukiwa barabara kuu, upepo unapiga rejeta, maji yanapita moja kwa moja, na injini haifikii joto lake. Kompyuta inasoma sensa ya maji, inaona injini bado ya baridi, inaongeza petroli. Petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili iliyopaswa kulinda ringi za pistoni, kisha inajichanganya na oili kule chini na kuifanya nyepesi. Mwenye gari analalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Anauziwa plagi mpya. Anasafishiwa nozeli. Mwezi unapita, gari bado linakunywa, na hakuna aliyerudi kuuliza habari za kilango kilichotupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Hatusemi fundi hana sababu. Temostati ya zamani huweza kukwama ikiwa imefungwa, na hapo kweli injini inachemsha. Akiitoa, gari linapoa saa hiyo hiyo, mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Lakini dawa ya kifaa kibovu ni kizima. Kukipima si kazi ya chuo kikuu: kitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, washa moto, kitazame. Kama maji yanatokota na kilango hakijasogea, hicho kimekufa. Kipya hakifiki bei ya kujaza tangi la petroli mara moja.

Ndugu wa tabia hiyo ni feni iliyofungwa dairekti. Swichi ya joto imekufa, basi badala ya kununua nyingine waya unaunganishwa ili feni izunguke tangu unapowasha gari hadi unapolizima. Mota inachakaa bure, na itakapoungua hutajua, kwa sababu umeshazoea kutoifikiria. Utajulishwa na mvuke.

Maji yenyewe nayo tumeyadharau. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji ya Dodoma mwenye birika anayafahamu: lile gamba jeupe linaloganda ndani yake ndilo hilo hilo linaloganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta, tena huko hakuna anayelikwangua. Maji matupu pia yanaleta kutu kwenye bloku na kuitafuna alumini ya hedi. Kulanti haikuletwa kwa ajili ya barafu peke yake. Ina dawa ya kuzuia kutu na inasogeza mbali kiwango cha kuchemka. Kama umenunua iliyokwisha kuchanganywa, usiiongeze maji. Kama ni ya kuchanganya mwenyewe, tumia maji safi yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri (siyo asidi yake, tafadhali). Kabla ya kuijaza, mwambie fundi aisuuze njia nzima mpaka maji yatoke meupe, na baada ya kujaza atoe upepo wote.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta, ambao watu wanauona kama kifuniko cha chupa. Mfuniko huo una springi inayobana maji yawe na shinikizo, na ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutokota, hadi karibu 120. Mpira wake ukikauka, shinikizo linavuja na maji yanachemka mapema, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Tumeona watu wakibadilisha rejeta nzima kwa kosa la mfuniko. Shinikizo hilo ndilo pia linalowaunguza watu nyuso wanapoufungua injini ikiwa moto. Usiufungue. Egesha, zima, subiri mpaka uweze kuushika bila kitambaa.

Geji ya joto nayo isikudanganye. Sensa inasoma maji. Maji yakiisha kabisa, inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inateketea. Mshale uliopanda kisha ukaanguka wenyewe ukiwa kwenye mlima si habari njema. Simama hapo hapo. Wala usiimwagie injini iliyo moto maji ya baridi, maana hedi iliyokuwa haijapinda itapasuka.

Oili tunaipitia haraka, kwa kuwa hapa ujinga hauna kisingizio. Injini hii inatumia chini ya lita 4. Ibadilishe pamoja na filta yake, kwa kilomita zilizoandikwa kwenye stika ya fundi, na usingoje mpaka iwe nyeusi. Injini ya umri huu hula oili kidogo kidogo, kwa hiyo kubadilisha bila kupima katikati hakutoshi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, usijisemee "nifike tu nyumbani". Taa hiyo inasema shinikizo limeshakwisha, na kila dakika unayoendesha ni chuma juu ya chuma.

Na mkanda wa taimingi: 4E-FE inatumia mkanda wa mpira, tofauti na Vitz zilizokuja na cheni. Kipimo cha kawaida ni kilomita 100,000. Umenunua gari kwa mtu, hujui ulibadilishwa lini, na kilomita za kwenye dashibodi huziamini? Ubadilishe, na wota pampu itazamwe siku hiyo hiyo kabla mambo hayajafungwa.

Sehemu kubwa ya haya inategemea mwenye gari kuliko fundi. Fundi anang'oa temostati kwa sababu mteja amesimama mlangoni anataka aondoke sasa hivi, na kwa sababu mteja huyo huyo yuko tayari kulipia rimu na spika lakini anabishana juu ya galoni moja ya kulanti. Walimu wa VETA na mafundi wakuu wanaolea vijana gerejini wanaweza kuwakataza kuondoa kifaa bila kurudisha kingine. Lakini kijana atatii tu kama anayelipa naye anakataa njia ya mkato.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Tazama chupa ya akiba ya maji: kuna alama mbili, na maji yawe katikati yake. Fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi, uchungulie. Maji yenye rangi ya kutu, au yenye utando wa oili juu, ni ya kupelekwa gereji leo, siyo mwisho wa mwezi. Bonyeza mpira wa mfuniko kwa kidole, na kama umekauka au una nyufa, nunua mwingine. Ukifika kwa fundi, muulize swali moja tu: humu temostati ipo? Akisema haipo, mwambie airudishe, na usubiri pale mpaka uione ikiingia.